Kitabu cha Mazishi kwenye Nyavu za Omena

Migori
6 Februari 2024

Kwa Waya Phelesia, dada pekee wa marehemu baba,

Sisi hapa tunaendelea. Susana amepona ile homa iliyomlaza Krismasi nzima, sasa amerudi sokoni na kelele zake zote. Lynnet tulimrudisha shule Asumbi akilia kama kawaida yake, na nasikia kabla ya jioni alikuwa ameshasahau kwamba ana wazazi. Mvua bado. Mahindi tuliyovuna yanatutosha tukijibana kidogo. Tunaomba miguu yako iwe haivimbi tena, na wale kuku weusi wawe bado wanataga.

Nimejaribu kukupigia simu mara nyingi, lakini wewe unakata kabla sijamaliza hata salamu. Basi nimeamua kuandika, kama tulivyofundishwa shule ya msingi, na Angwenyi wa gari la samaki amekubali kuwa posta yetu.

Nije kwenye jambo. Vile vitabu viwili vya kanisa lenu ulivyotukabidhi mwaka jana, cha ubatizo na cha ndoa, vimekwisha kupigwa picha kurasa zote. Nataka ujue tulivyovishika, kwa sababu nakujua, utasema tulivishika kama gazeti la kufungia nyama. Hapana. Kitabu kikuukuu hakilazwi chali kikafunguliwa kwa nguvu, uti wake utavunjika. Tuna mbao mbili zilizoinamiana, kitabu kinaegemea katikati kikiwa kimefunguka nusu tu. Kamera iko juu, haikigusi. Mikono tunaiosha na kuikausha, na kila ukurasa unageuzwa kwa kushikwa ukingoni, polepole. Siku nyingine natoka kazini shingo imekakamaa na sijamaliza hata kitabu kimoja chembamba. Lakini hata mchwa wakivila vyenyewe, majina yatakuwepo.

Kimebaki cha tatu, cha mazishi. Mzee Walter wako alikitunza miaka yote aliyokuwa katekista, na tangu afariki kimo ndani ya sanduku lako. Tunakihitaji, Waya, na si sisi tu. Cate alikuja hapa ofisini. Shemeji yake anataka kumtoa kwenye boma la marehemu Nicanor, anasema mjane hana karatasi yoyote ya kuonyesha mumewe alikufa lini na akazikwa wapi. Kibali cha mazishi kilipotea. Kaburi wanaliona kila siku, lakini kaburi haliwekwi kwenye faili. Ofisi ya vyeti imemwambia alete nakala ya ukurasa wa kitabu cha kanisa wenye jina la Nicanor. Barua ya katekista Japheth waliikataa, wakasema barua kila mtu anaweza kuandika.

Kifunge kwa kitambaa safi cha pamba, ukiweke ndani ya katoni, uti ukiwa chini. Usitumie mfuko wa plastiki, kitatoa jasho. Kisha mpe Angwenyi.

Tusalimie dada Edith aliyekuja kwako kujifungua, Japheth, mama wa jumuiya, na majirani wote wa ufukweni.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Maxwell


Mbita
4 Machi 2024

Kwako Maxwell,

Barua yako imefika ikinuka mbuta, kama kila kitu kinachopita mikononi mwa Angwenyi. Miguu inavimba, lakini bado inanibeba. Kuku weusi wanataga, mwewe anachukua vifaranga, tunagawana. Juma lililopita mwezi ulikuwa mkubwa na dagaa wetu wa omena hawakuvuliwa, kwa hiyo tumekula mboga na maneno. Edith alijifungua salama mtoto wa kiume, mweusi, mwenye sauti ya chifu.

Hapa nyumbani sote tunakusalimu. Mimi, Edith, mtoto, na Ochieng.

Najua hukumuuliza. Umemsalimia Japheth, umewauliza hali hata kuku, lakini mwanangu uliyekula naye sahani moja umempita kama mlango wa jirani mliyegombana naye. Basi nikukumbushe, labda huko Migori mambo ni mengi. Mashua ilipinduka Agosti ikiwa na watu wanne. Watatu ziwa liliwarudisha, Nicanor akiwa mmoja wao. Ochieng halikumrudisha. Wapo watu waliookotwa upande wa Uganda, wengine Tanzania, wakakaa huko bila simu wala kitambulisho, na waliporudi makwao wakakuta watu wameshanyoa nywele za matanga. Yamewahi kutokea na unajua yamewahi kutokea.

Hiyo ndiyo sababu simu siongei. Huko aliko akipata simu ya kuazima atapiga mara moja tu, kwa sababu simu ya watu haipigwi mara mbili. Sitaki akute laini ina mtu, hata kama mtu mwenyewe ni wewe.

Sasa kitabu. Siku ya misa ya wale wa mashua Japheth aliandika majina manne. Aliandikia mezani kwangu, mimi nikiwa nje nawagawia watu chai. Niliporudi ndani wino ulikuwa umekauka. Sikumtukana. Nilimnyima chai.

Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenye kamera. Jina likishapigwa picha, linaweza kutolewa? Mtu akirudi nyumbani kwa miguu yake, mtamfuta? Nijibu hilo kwanza. Cate namwonea huruma, mume wake na mwanangu walitoka pamoja na wameandikwa ukurasa mmoja. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Msalimie Susana. Mwambie homa ya Krismasi ni ya kukwepa kupika.

Phelesia, mama Ochieng


Migori
19 Machi 2024

Waya mpendwa,

Hongera kwa mjukuu. Susana amecheka mpaka akakaa chini, kisha akasema atakuja mwenyewe kukujibu. Lynnet ameandika kutoka shule akiomba sabuni na mafuta, habari za masomo hakugusia. Mvua imeanza huku, barabara ya kwetu tayari ni uji.

Umeniuliza swali na sitakudanganya. Picha tunapiga jinsi kitabu kilivyo. Doa la chai, mchoro wa mtoto, kurasa tupu, vyote. Jina hatulifuti. Tukianza kufuta moja kwa ajili ya huyu, kesho atakuja mwingine anataka la babu yake liongezwe, na kazi yote itakuwa uongo. Mtu akirudi, ataandikwa ukurasa mwingine kwamba amerudi, na huo nao tutaupiga picha. Zaidi ya hapo sina ahadi.

Nakuomba pia usiondoe ukurasa wowote. Nakujua, Waya. Vitabu vile vimeshonwa. Karatasi ndefu hukunjwa katikati, nusu ikawa kurasa za upande huu na nusu ya upande ule, uzi ukapita kwenye mkunjo. Ukichana nusu moja, mwenzake naye analegea na kuanguka.

Lipandishe sanduku juu. Wanasema ziwa linajaa mwaka huu, na nyumba yako haiko mbali na maji. Jambo lingine ni kwamba vifaa hivi vya kupigia picha tumeazimwa. Mwisho wa Juni vinaenda kwa watu wengine, na sijui kama vitarudi. Cate ameitwa kwenye kesi ya boma mwezi wa Mei. Alipita tena hapa, akaketi kwenye benchi kutwa nzima, hakusema neno baya juu ya mtu.

Salamu kwa Edith, kwa mtoto, na kwa wote uliowataja.

Maxwell


Mbita
2 Mei 2024

Kwako Maxwell,

"Kwa wote uliowataja." Nimeiona hiyo. Mdomo wako umekuwa mzito kweli.

Ziwa limehamia kwangu. Lilianza na shamba la mihogo, likaingia choo, likafika kizingitini, na Jumatano ya juma lililopita tuliamka sufuria zinaelea. Edith na mtoto wameenda Kosele kwa mumewe. Mimi sihami. Ochieng akija atakuta nyumba ina mtu. Nimepandisha kitanda juu ya matofali, na chakula napikia kwa jirani wa juu. Ochieng anakusalimu, huyo uliyekwepa kumtaja.

Sasa usikasirike. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Ulisema nilipandishe na nilisikia. Siku chache kabla nilikuwa nimelitoa na kulifungua, kwa shughuli yangu mwenyewe, kisha nikalirudisha palepale. Maji yalipoingia niliokoa simu kwanza. Nilipofika kwenye sanduku, kitabu kilikuwa kimekunywa mpaka kimenenepa.

Nikafanya ninachokijua. Jumamosi jua lilitoka kali. Wanawake walitandaza nyavu kule juu palipobaki pakavu, wakaanika omena, nami nikakianika kitabu katikati ya omena. Nilikifungua, nikawa nakigeuza ukurasa hadi ukurasa kama tunavyogeuza samaki, na ndege nikawafukuza. Wanawake walikuja kutazama. Mmoja alimwona nyanya yake pale kwenye nyavu, mwaka aliozikwa na yote, akapiga magoti kwenye mchanga akaanza kulia upya. Tukakaa naye. Kufikia alasiri kitabu kilikuwa kikavu hata kinalia ukikigusa.

Kurasa nyingine zimeshikana, sikuzilazimisha. Maandishi ya mapadre wa kwanza yameondoka, imebaki karatasi ya samawati tupu. Yale ya kalamu za siku hizi yapo. Nimekihifadhi kwenye dari ya jikoni kwa jirani, ndani ya gunia la omena, ambako maji hayawezi kufika. Kikitulia nitakituma.

Phelesia, mama Ochieng


Migori
11 Mei 2024

Waya,

Sisi wazima. Salamu nimezifupisha, unisamehe.

Kitabu kilicholowa hakianikwi juani. Jua linakaza karatasi, linaunganisha kurasa kama gundi, linapindua uti. Kitabu kilicholowa kinagandishwa. Kinafungwa vizuri, kinalazwa kwenye friza hata miezi, na hapo kinangoja bila kuoza mpaka kifike kwa mtu wa kukikausha polepole. Na wewe uko Mbita, mji wenye friza nyingi za mbuta kuliko vitanda vya hospitali. Umeuza samaki maisha yako yote, Waya. Ulipaswa kukifanya mbuta, ukakifanya omena.

Najua hukuambiwa. Nilikuandikia habari za kitambaa na katoni, friza sikuitaja, kwa sababu sikutaka hata kuwaza kwamba kitalowa. Lakini kitoe jikoni siku hiyo hiyo utakayoisoma barua hii. Kinanuka omena, na kinachonuka omena kina wenyewe, hawakawii kukidai. Kitume kilivyo, hata kama kimejikunja, hata kama unaona haya.

Sasa niseme nilichokikwepa tangu Februari. Ochieng sikumsalimu kwa sababu mtu hasalimu asiyeweza kuitikia. Ndugu yangu amekufa, Waya. Siku zile nilitembea ufukweni na wazee mpaka nyayo zikachubuka, tukaulizia Rusinga, tukaulizia visiwani, na simu zikapigwa Uganda na Tanzania. Hakuna aliyemwona. Mzee Joash ananiambia ndugu za mumeo wanataka lizikwe tunda la mti wa yago kwa niaba yake, kama tunavyomfanyia kila mtu wetu ambaye mwili haukuonekana, ili awe na kaburi bomani na roho yake itulie. Umekataa mara mbili. Joash ni shemeji yako na mtu mzima, hatakusukuma. Mimi nakusukuma.

Na Cate, mwenye kaburi, anafukuzwa kwa sababu ya ukurasa huohuo ambao wewe huutaki. Kesi yake imesogezwa hadi tarehe thelathini Julai kwa huruma ya karani mmoja, na shemeji yake hana huruma hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa anayeumbuka si wewe, ni mjane mwenye watoto wawili.

Nimeandika kwa hasira. Nisingekupenda ningeandika kwa adabu.

Maxwell


Mbita
17 Juni 2024

Maxwell,

Barua yako ilichelewa. Gari la Angwenyi lilikwama kwa mafuriko, akaniletea Mei imekwisha. Ya Ochieng niliyasoma mara moja, sitayasoma tena. Ya wenye kudai omena ulisema kweli. Panya walikuwa wameshaingia kwenye gunia. Walikula omena, wakaendelea na kitabu.

Nilikaa wiki mbili bila kumwambia mtu. Leo nimeweka kilichobaki kwenye katoni, uti chini kama ulivyosema. Na yale makombo yote niliyofagia darini nimeyatia kwenye bahasha ya pembeni, maana sikujua ni ya nani.

Phelesia


Migori
30 Juni 2024

Waya mpendwa,

Tuko salama, na ningependa barua hii ianze na habari ndefu za Susana na Lynnet ili nisifike upesi ninakokwenda. Susana amepanda maharage nyuma ya nyumba, yameota. Lynnet anasema sasa anataka kuwa nesi.

Katoni ilifika. Nilifunga mlango wa ofisi nikaifungua peke yangu. Tumepiga picha kila kilichokuwemo, hata vipande vya ukubwa wa ukucha, kwa brashi laini na kwa kushika pumzi, kwa sababu ukipumua vibaya kinaruka. Kurasa ambazo mtu anaweza kusoma jina zima ni chache sana. Miaka ya mapadre wa kwanza imekwisha. Miaka ya Mzee Walter ina mashimo. Bahasha ya makombo niliimimina kwenye karatasi nyeupe nikajaribu kuyaunganisha, nikapata jina linaloanza "Awu" mahali na "mwaka wa njaa" mahali pengine, basi. Sitakuficha, nililia. Mlinzi aligonga kuuliza kama niko sawa.

Kuna jambo moja. Sehemu moja ya mshono haikutafunwa. Uzi ulifunguliwa fundo, ukavutwa, halafu ukarudishwa na kufungwa vizuri kabisa, fundo la mtu anayeshona nyavu. Panya hawafungui mafundo, Waya. Karatasi nzima iliyokunjwa imetoka pale, na ni pale palipokuwa na mwaka wa mashua.

Sikuulizi iko wapi. Ninakuambia tu kilichopo. Vifaa vingine vimeondoka jana. Nimeomba niachiwe kamera na zile mbao mpaka mwisho wa Julai, wamekubali. Kesi ya Cate ni tarehe ileile. Shemeji yake ameshang'oa mabati ya nyumba ili aone kama mvua itamfukuza haraka kuliko mahakama. Cate hajafika hapa tena na sijui analala wapi.

Nisamehe kwa barua ya Mei. Si kwa nilichosema, ila kwa nilivyokisema. Mtu wa kukuambia hivyo alipaswa kuwa ameketi karibu nawe, akiwa amekushika mkono, na mimi niliandika nikiwa mezani nakunywa soda.

Msalimie Edith na mtoto. Na wewe nakusalimu, mama Ochieng.

Maxwell


Mbita
22 Julai 2024

Mtoto wa kaka yangu,

Maji yamerudi ziwani, yametuachia matope hadi magotini na harufu isiyoisha. Edith na mtoto wamerudi. Mtoto ameota jino, anauma kila anayempenda. Cate naye yuko hapa na watoto wake. Wote wanakusalimu.

Unauliza Cate analala wapi. Analala kwangu, chumba cha Ochieng. Alikuja asubuhi moja, mabati yalipong'olewa, akiwa na godoro kichwani na watoto nyuma. Sikumuuliza kitu, naye hakuniuliza. Anajua kwamba ile karatasi ninayo. Tangu siku hiyo anachota maji, anaanika, ananikanda miguu, na kitabu hajakitaja. Angenitukana ningekaza roho, maana matusi nayaweza. Juzi nikamkuta ameketi mlangoni anatazama maji, nikakumbuka kwamba mimi na yeye tuliketi mlango huohuo Agosti, tukingoja. Walipomleta Nicanor alilia, na akiwa analia alinishika mkono akaniambia, "Mama, na wako atatoka." Wa kwake wamemlaza pale chini, yeye ananifariji mimi. Mtu huyo ndiye niliyemnyima karatasi.

Nimekutumia karatasi yenyewe ndani ya kitambaa cha pamba. Niliitoa Aprili, hiyo ndiyo shughuli yangu niliyokuambia ni yangu. Ulisema nisichane, sikuchana. Nilifungua uzi kama ninavyofungua wavu ulioshonwa vibaya. Nilitaka nusu ya Ochieng tu. Kumbe ni kama ulivyosema, nusu moja ina mwenzake. Nikaigeuza, nikaona Walter. Mwaka aliozikwa, mwandiko wa padre. Mume wangu upande mmoja, mwanangu upande mwingine, mkunjo katikati. Nilichukua mkasi, nikashindwa.

Nikaitia kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati karibu na simu, mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Maji yalipoingia niliokoa simu, na kopo likiwa pamoja nayo. Kwa hiyo fikiria, Maxwell. Wafu wote wa kanisa letu walilowa, wakaanikwa, wakaliwa. Waliobaki wazima ni hawa niliowaficha ili wasiitwe wafu.

Watu wanakuja kuuliza wazee wao. Jana alikuja mama mmoja kutoka Rusinga, anataka tarehe ya mamake. Nikamwambia kitabu kililiwa na panya nikiwa mimi mtunzaji. Aliomba maji, akanywa, akaondoka. Sikuweza kumwangalia hata mgongo. Wataendelea kuja na nitaendelea kuwaambia.

Piga picha pande zote mbili. Nakala ya Cate itie mhuri na uilete mkononi. Karatasi yenyewe irudishe pia, usimpe Angwenyi tena, amenuka vya kutosha. Japheth ana mwandiko mzuri. Nilikuwa sijautazama.

Njoo kabla ya Jumamosi. Joash amekwisha leta tunda la yago. Limelala kivulini nyuma ya nyumba, limefunikwa shuka ya Ochieng. Jana nililifunua nikalitazama. Ni zuri, halina doa, lakini ni fupi, kama mkono wangu kutoka kiwiko. Mwanangu alikuwa mrefu, alikuwa anainama kwenye mlango huu. Nimewaambia wachimbe kaburi la urefu wake.

Nitanyoa Jumapili. Cate atanishikia beseni.

Barabara ya Kosele bado ni mbaya. Ukikwama usiandike, barua haitawahi. Nipigie simu, uongee hata mpaka salio liishe. Hakuna tena ninayemwachia laini.

Phelesia